Kasi pekee isituchagulie kifaa cha kuchomea DVD

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wanaotaka kununua kifaa cha kuchomea DVD kwa matumizi ya nyumbani, kwani wengi huvutwa na tarakimu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kasi ya 16x (yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD) hufikiwa ukingoni mwa diski tu, tena ikiwa diski yenyewe inaihimili. Kwa hiyo tofauti yake na 8x, ambayo hujaza diski ya gigabaiti 4.7 kwa takribani dakika 8 hadi 10, ni dakika chache zisizomsumbua mtu aliye nyumbani kwake.

La kuuliza kwanza ni iwapo kifaa kinaandika DVD-R na DVD+R, aina mbili za diski tupu za kuandikia, maana baadhi ya deki kuukuu huikubali moja na kuikataa nyingine. Mwenye kompyuta ya mpakato isiyo na sehemu ya diski achukue cha nje cha USB, na kikizimika katikati ya kazi (nimeharibu diski kadhaa hivyo), ashuku kwanza udogo wa umeme wa tundu la USB. Diski za tabaka mbili, zenye gigabaiti 8.5, binafsi sizioni haja yake.

Msomaji wako