Shukrani kwa mama wa foleni, Ngamiani

Shikamoo mama. Jina lako sikuliuliza, ila natumaini ujumbe huu utakufikia.

Ulikuja dukani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ninapofanya kazi ya keshia, jioni ya mwisho wa mwezi, umejitanda kanga, kikapuni una unga na mche wa sabuni. Mbele yako alisimama kijana kiziwi na betri za tochi mkononi. Nilimwandikia kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Foleni ilishafika kwenye friji la soda na watu walianza kuguna.

Ukaweka kikapu chini, ukazungumza naye kwa lugha ya alama. Kumbe betri hazikuwaka, alitaka kubadilishiwa tu. Nami nilidhani anadai pesa!

Ungeweza kulipa ukaenda zako. Ukasubiri foleni iishe, ukanifundisha alama ya "karibu", ya "bei", ya "chenji", kisha namba hadi 10,000. Vidole vyangu ulivipanga mwenyewe, kimoja kimoja. Ukaniambia, "Mwanangu, mtazame usoni, achana na mashine."

Kijana yule sasa ni mteja wangu na amewaleta wenzake. Mmoja anauza samaki kwenye soko la Deep Sea. Akija ananieleza bei ya dagaa kabla sijamtolea risiti. Kazi ya keshia naipenda kwa sababu ya mazungumzo haya, na ni wewe uliyeyafungua.

Asante sana, mama. Ukipita tena, kaunta yangu ni ile ya karibu na mlango. Bado sijui alama ya "pole", na naihitaji.