Hatutawafukuza vijana wanaokunywa methadoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa Tanga. Maneno yameshaanza kuzagaa kwenye mabaraza ya Ngamiani na Makorora kwamba kituo chetu cha vijana kinafungwa kwa sababu fedha zimeliwa. Hakuna senti iliyoliwa. Mfadhili wetu mkubwa, shirika la nje ambalo limetubeba kwa zaidi ya nusu ya matumizi yetu yote, anaondoka mkataba ukiisha mwezi wa kumi na mbili, na anaondoka kwa kuwa kamati yetu imekataa kutia saini sharti moja.

Mimi ni fundi baiskeli. Mwaka wa sita huu nafundisha pale bila mshahara, alasiri tatu kila wiki. Kuna darasa la ushonaji, useremala kidogo, na karakana yangu. Vijana hawapungui arobaini. Kati yao wako tisa walioachana na unga, yaani heroini, na sasa wanakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila asubuhi kwenye kliniki ya Hospitali ya Bombo. Mgogoro wote ni juu ya hao tisa.

Sharti lenyewe ni hili. Kuanzia mwaka ujao fedha ya mfadhili isimhudumie kijana yeyote ambaye bado anatumia dawa, na methadoni nayo imehesabiwa humo humo. Kila kijana apimwe mkojo mara moja kwa mwezi, na atakayekutwa na chochote aondolewe. Barua imeandikwa kwa adabu, sina ugomvi na lugha yake. Wanasema watu wanaochanga kule kwao wanaamini mtu ama ameacha ama hajaacha, na kwamba kumpa mraibu dawa nyingine ni kumhamisha jela. Siwatukani. Vyerehani vinane tunavyoshonea ni vyao, na bati lisilovuja juu ya kichwa changu ni lao. Lakini katika hili wamekosea, na nataka kueleza kwa nini, maana hapa hapa mjini wako wengi wenye fikra hiyo hiyo.

Unga hatukuualika. Unatoka Afghanistan, unapakiwa majahazini pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unashuka na bahari mpaka kwetu. Mji wa bandari hupokea kila kitu. Aliyenaswa nao huhitaji kuvuta au kujidunga mara tatu au nne kwa siku, na akikosa, arosto inamkunja: mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho na baridi kwa pamoja. Katika hali hiyo hafundishiki cherehani wala baiskeli. Anatafuta fedha ya dozi inayofuata, na sote tunajua anaitafutaje, tulioibiwa sufuria na kamba za kuanikia nguo.

Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na ikishapimwa sawasawa inamkinga na arosto kwa saa 24 au zaidi bila kumlevya. Ilianza kutolewa Tanzania Bara pale Muhimbili mwezi wa pili mwaka 2011, ikasambaa mikoani, na Tanga sasa tuna kliniki yetu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Serikali yetu ndiyo inayoitoa, hospitalini, bure. Sasa kijana anayetii matibabu ya hospitali ya mkoa aje kwetu aambiwe wewe bado teja, toka nje? Mwenye kisukari hatumwambii hajapona kwa kuwa anachoma insulini.

Na atakayeikatisha dawa hii kabla ya wakati ili apasi kipimo cha mkojo ndiye tutakayemzika. Mwili wake umeshasahau kiwango cha zamani, na akirudia unga kwa kipimo alichokizoea, pumzi inakatika.

Niruhusu nikusogeze karibu kidogo, Mhariri. Yuko kijana mmoja wa miaka 22, sitamtaja. Siku za kwanza alikuwa akikaa mlangoni mwa karakana, mgongo ukutani, mikono kaificha kwapani kwa sababu ilikuwa inatetemeka na aliona haya. Sikumuuliza kitu. Siku ya nne nikampa ringi ya Phoenix iliyopinda na spana ya spoki. Kunyoosha ringi ni kazi ya subira: unaizungusha taratibu, unasikiliza inapogusa, unakaza spoki ya upande huu robo mzunguko, unalegeza ya upande ule, unazungusha tena. Ukikaza kwa hasira inapinda zaidi. Alikaa nayo kuanzia saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Akaniita, "Fundi, njoo uone." Akaizungusha, na ringi ikapita katikati ya uma bila kugusa popote, kimya. Akaiangalia mpaka ikasimama yenyewe. Kisha akaizungusha tena.

Sasa hivi ana wateja wake. Asubuhi anapita Bombo, anakunywa dawa, saa tatu yuko kijiweni kwake anaziba pancha. Mama yake, ambaye zamani alikuwa akilala na funguo chini ya mto, amempa chumba cha mbele cha nyumba. Ndiye ninayetakiwa kumwondoa.

Kamati haikukataa kirahisi, na sitaki nionekane kama ilikuwa ni sauti moja. Tulikaa vikao vitatu. Mweka hazina wetu, mama mmoja ambaye uaminifu wake hauna shaka, alisema maneno yaliyotunyamazisha wote: "Tisa wakitoka, thelathini na moja wanabaki. Mkikataa, arobaini wote wako barabarani." Hesabu yake haina kasoro. Nililala nayo siku mbili. Lililonitoa huko ni kuuliza: hao thelathini na moja watabakia na kitu gani? Kati yao wako wanaojaribu bangi, wako waliokwisha kuonjeshwa unga na wenzao, na leo mmoja wao akiteleza huja kwa mlezi akasema. Siku tutakapoweka chupa ya mkojo mlangoni, hatasema tena. Atakayekuwa na tatizo atakuwa wa kwanza kutoonekana, na tutabaki na wasio na shida, tukipeleka nje ripoti nzuri.

Nilisema hivyo kikaoni. Tukapiga kura, kwa saba dhidi ya wanne tukakataa, na mweka hazina, ambaye kura yake ilikuwa upande wa wanne, ndiye aliyeiandika barua ya majibu kwa mkono wake.

Lipo kosa letu pia, lazima nilikiri. Tuliegemea nguzo moja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, tuliona wenzetu kwenye mashirika mengine wakifunga ofisi katikati ya mwezi, wahudumu wa afya ya jamii wakirudishwa nyumbani. Tuliwapa pole. Mfadhili wetu hakuwa Mmarekani, basi tukajiona tuko salama, hatukuitisha hata kikao kimoja kujiuliza ingekuwa ni sisi. Miezi hiyo tuliipoteza wenyewe.

Sasa tumeanza. Nyumba tunayopanga tutairudisha kwa mwenyewe, na vyerehani vitahamia chumba cha nyuma cha mzee mmoja mtaani aliyejitolea. Pikipiki ya kituo inauzwa. Walezi wawili kati ya watatu waliokuwa wakilipwa wamekubali kuendelea kwa nauli tu mpaka Machi, na mmoja ameomba aondoke akatafute kazi, tumempa barua nzuri, ana watoto. Chakula cha mchana, wali na maharage, kitabaki siku mbili kwa wiki badala ya tano. Hili la chakula ndilo linaloniuma kupita yote, kwa sababu wapo wanaokuja kwa ajili ya sahani kwanza, na ufundi wanaukuta njiani.

Wengi wananiambia, nendeni halmashauri, kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani. Ndiyo ipo, kwa mujibu wa sheria: nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu. Lakini ile ni mikopo. Haina riba, ila ni mikopo, kwa vikundi vyenye biashara inayoweza kurejesha. Baadhi ya vijana wetu waliokwisha kuhitimu tunawasaidia wajiunge na kuomba, na wanafaa. Kituo chenyewe hakiwezi kukopa ili kumlisha kijana aliye wiki ya pili tangu aache unga. Ninachowaomba madiwani wetu ni kitu kingine, wala hakina gharama kubwa: kuna vyumba vya umma mjini humu vimefungwa kwa kufuli miaka nenda rudi. Tupeni kimoja kwa barua, mchana tu, na luku tutanunua wenyewe.

Na kwenu majirani. Tanga ni mji wa baiskeli, sijui mji mwingine nchini unaotupita. Karibu kila uani kuna moja imelala, haina mnyororo, tairi zimeoza, kuku wanalala juu yake. Tuletee. Vijana wataifufua, itauzwa, na fedha itaingia jikoni, na hesabu yake itabandikwa mlangoni kila Ijumaa aisome apitaye. Mwenye kilo mbili za maharage alete maharage. Fundi cherehani mwenye alasiri moja ya bure kwa wiki, nafasi ipo tangu leo.

Ile ringi aliyoinyoosha kijana wangu bado inaning'inia msumarini karakanani, mwenyewe amekataa isiuzwe. Anayetaka kujua tunachokigombania aje aizungushe. Karakana tunaifungua saa tisa alasiri, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.