Kabla ukate jinzi yako, njoo na kiatu utakachoivalia

Wiki hii tena nimetumiwa meseji ya kuambiwa nimeuzia mtu jinzi ya kukaa nayo nyumbani. Ati aliivaa kazini wenzake wakamuuliza kama ameazima ya mdogo wake. Na hiyo jinzi, kropu ya mguu mnyoofu, nilimpimia mwenyewe hapa soko la Kibuye, Kisumu, ikaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu venye inafaa. Nikamwambia anitumie picha, ndio nikaona shida: soksi nyeupe za mazoezi zimepanda hadi katikati ya muundi, raba kubwa ya kukimbilia, na tisheti ndefu imefunika mapaja yote. Sasa hapo jinzi imekosa nini jameni?

Hizi kropu za mguu mnyoofu upana wake ni ule ule kutoka goti kwenda chini, hazibani shavu la mguu na hazipanuki chini kama belboto, kwa hivyo pale zinapoishia ndipo watu wote wanaangalia. Cha kwanza ni kiatu, cha pili ni kiuno. Ukienda ofisini chukua buluu iliyokolea au nyeusi, isiyo na matundu wala kupauka, vaa lofa, kile kiatu cha kutumbukiza kisicho na kamba, au kiatu cha ncha chenye kisigino kidogo, soksi isionekane, halafu blauzi uichomeke ndani na blezaa iishie kwenye nyonga. Ukichomeka miguu inaonekana mirefu hata kama wewe ni mfupi, na wafupi ndio wananiambia kila siku hizi nguo si zao. Ni zao. Wakate tu karibu na kifundo, wasipande juu.

Jumamosi ukienda Dunga kula samaki ile iliyopauka ndiyo yake, na sendo za ngozi na tisheti, basi. Kanisani inategemea kanisa lako, lakini kuna kastoma wangu mmoja huvaa ile nyeusi na blauzi ya kitenge yenye mikono mipana na hakuna mtu amewahi kumwangalia vibaya. Matanga, haswa kwa wakwe, hapana dada, hata ukinilipa mara mbili nitakwambia tafuta sketi na leso. Na ukipanda boda kumbuka mguu uko wazi, kaa mbali na ekzosi, nimeona wengi wameungua hapo kando.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni hii njia ya mkato ya kukata nyumbani. Mtu ana jinzi ndefu, anachukua makasi ya jikoni, anakunja miguu miwili pamoja anakata mara moja pale anataka iishie. Pindo la jinzi linakunjwa mara mbili, nusu inchi na nusu inchi, kwa hivyo inchi nzima imeenda, na ukiketi suruali inapanda tena. Kama ni mpya ya pamba tupu na haijawahi kuona maji, ukifua inarudi, na inarudi sana kwa urefu. Za mtumba zimefuliwa huko zilikotoka mpaka zikatulia, hizo hazina wasiwasi sana. Ukisema basi usipinde, uache nyuzi zining'inie, sawa, inapendeza, lakini kila ukifua zile nyuzi nyeupe za kukingama zinachomoka na suruali inazidi kupanda.

Kuna msichana wa chuo alitoka Maseno na belboto amejikatia hivyo, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na chini pana kama sketi. Ikabidi nisawazishe miguu, nifumue mshono wa ndani nipunguze kutoka goti, ikaisha imekuwa robo tatu, ya kuishia katikati ya muundi, na si kropu aliyotaka. Mwingine, mama wa heshima kabisa, alikata pale pale kwenye alama bila kuacha pindo, nikatafuta kipande cha jinzi kuukuu chenye rangi inayofanana nikamuungia kwa ndani, na kutafuta tu hiyo rangi kulinimalizia asubuhi. Alilipa kuliko bei aliyonunulia suruali, halafu akatoka akisema mimi ni mwizi.

Naambiwa kuna fundi wa shilingi hamsini. Yupo, simkatazi mtu. Mimi pindo la kawaida ni 150, na kama unataka pindo lake la asili libaki, lile lenye mistari ya kupauka, ni 300 kwa sababu nalitoa zima, nafupisha mguu, kisha nalirudisha nikishona karibu kabisa na ukingo mpaka usione mahali nimepita. Jinzi inataka sindano namba 16 au 18 na uzi mnene, na pale mishono ya kando inapokutana kitambaa kimekuwa tabaka juu ya tabaka, hapo napondaponda na nyundo kwanza halafu nazungusha gurudumu la cherehani na mkono, polepole. Ukikanyaga tu kwa haraka sindano inavunjika au mshono unaruka, na mshono ulioruka ndio unafumuka ukiwa stejini unangoja matatu.

Kwa hivyo fua kwanza kama ni mpya, njoo na kiatu chenyewe utakachovaa, si slipas, nitakupima umesimama na nitakupima umeketi. Nitaweka pini ujiangalie kwenye kioo, usiseme sawa kama haijakukaa. Nikishakata sirudishi pesa.