Umeitengeneza Draya Mwenyewe, Sasa Unaifunga: Angalia Njia ya Hewa

Masika yakianza, na nguo zikawa hazikauki tena juu ya paa wala kwenye kamba ya uani, karakana yetu hapa Mombasa hupokea mashine za kukausha nguo za aina mbili. Zipo zilizoharibika zenyewe kwa kutumika, na zipo zilizotengenezwa nyumbani na mwenyewe, au na kijana wa jirani anayejua kushika bisibisi, kisha zikakataa kufanya kazi sawasawa baada ya kufungwa. Makala haya yanahusu hizo za aina ya pili. Hatukusudii kuwakataza wateja wetu kufungua mashine zao, kwani kubadilisha mkanda uliokatika au vigurudumu vilivyolika ni kazi inayowezekana kwa mtu makini mwenye nafasi ya kutosha sakafuni. Tunaandika kwa sababu, mara nyingi, kipuri kilichonunuliwa huwa ndicho na huwa kimewekwa vizuri, ila mashine imeharibiwa wakati wa kuifunga.

Watu wengi huiona draya kuwa ni dramu inayozunguka na hita inayotoa joto, kwa hiyo wakishaona dramu inazunguka na kuhisi joto mlangoni huamini kwamba kazi imekwisha. Kinachokausha nguo, hata hivyo, ni hewa inayosafiri. Feni huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye hita, huiingiza ndani ya dramu ambamo huchukua unyevu wa nguo, kisha huitoa kupitia kichujio cha nyuzinyuzi na kuisukuma nje kwa bomba. Katika mashine za kondensa hewa hiyo haitolewi nje, bali hupozwa hadi maji yakatengana nayo na kwenda kwenye tangi. Kila sili, kila mfereji wa plastiki na kila bati lililomo ndani ya kasha limewekwa pale ili hewa isipate njia nyingine isipokuwa hiyo moja. Kwetu pwani, ambako hewa inayovutwa kutoka chumbani tayari imebeba unyevu mwingi, mashine haina nguvu ya akiba ya kufidia hewa inayovuja, na uwazi mdogo tu hutosha kufanya mashuka yatoke yakiwa na moto lakini bado mabichi.

Ndiyo maana tukiletewa draya iliyofunguliwa nyumbani hatuanzi na mkanda wala mota. Tunaanza na sili. Sili hii ni utepe mnene wa felti unaozunguka mdomo wa dramu, mbele na mara nyingi nyuma pia, ukiziba nafasi iliyopo baina ya dramu inayozunguka na bati lisilozunguka. Bati la mbele linaporudishwa, mdomo wa dramu hauna budi kukaa juu ya felti hiyo pande zote. Tatizo ni kwamba katika mashine nyingi dramu hushikiliwa mbele na bati hilohilo, kwa hiyo likiwa limetolewa dramu huinama kwa uzito wake, na mtu akilisukuma bati moja kwa moja mahali pake, felti ya sehemu ya chini hujikunja na kuingia ndani bila kuonekana kwa nje. Mashine itawaka na itazunguka, pengine kwa mlio wa kukwaruza ambao mwenyewe atadhani ni ugeni wa mkanda mpya. Baada ya wiki chache soksi na vitambaa vyembamba vitaanza kutoka na alama nyeusi kwa kubanwa ukingoni, na nyuzinyuzi ambazo zilipaswa kukamatwa na kichujio zitakuwa zinaanguka ndani ya kasha, zikijikusanya taratibu kuelekea kwenye hita.

Njia ya kuepuka hayo ni kufunga bati la mbele mkiwa watu wawili. Mmoja huinua dramu kidogo kwa mkono kupitia tundu la mlango, na mwingine husogeza bati hadi likae kwenye ndoano zake. Kabla ya kukaza skrubu yoyote, na plagi ikiwa bado imechomolewa, dramu izungushwe polepole kwa mkono mizunguko miwili mitatu kuelekea upande inakozungukia inapofanya kazi, huku mwingine akiikagua felti kwa macho na kwa kidole mzunguko mzima. Felti iliyojikunja kidogo mara nyingi hujinyoosha yenyewe katika mzunguko huo. Isiponyooka, ivutwe kwa mpini wa kijiko cha plastiki au kijiti butu cha mbao, wala si kwa ncha ya bisibisi, maana tumeziona felti nyingi zilizotobolewa kwa njia hiyo, na felti iliyotoboka haishonwi. Ikishakaa, skrubu zote zikazwe nusu kwanza, dramu izungushwe tena, ndipo zikazwe kabisa.

Hofu ya nyuzinyuzi kufika kwenye hita si ya kutunga. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitoa tahadhari nchini Uingereza kuhusu mamilioni ya mashine za kukausha zilizotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2015, zikiwemo za chapa za Hotpoint, Indesit na Creda, kwa sababu nyuzinyuzi ziliweza kugusa hita na kushika moto, na mwaka 2019 zile ambazo zilikuwa bado hazijarekebishwa zikaitishwa zirudishwe. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa mashine za mtumba kutoka Uingereza hushushwa kwa makontena katika bandari yetu, na kwa kuwa umeme wake na plagi yake ya pini tatu vinalingana na vya Kenya, huuzwa leo na kuwashwa leo. Mwenye mashine ya chapa hizo na asome kibandiko cha modeli, ambacho huwa kwenye ukingo wa mlango au mgongoni, kabla hajahangaika kuifunga. Ikiwa ni miongoni mwa zilizotajwa, na haina alama yoyote ya kuonyesha kwamba ilirekebishwa, sisi hatuirudishi kazini hata mteja akitusihi.

Mkanda hauna siri kubwa. Upande wenye mifereji hulala juu ya dramu na kushika puli ya mota, na upande laini ndio unaosukumwa na puli ya kukaza kwa nguvu ya springi. Dramu iliyotumika huwa na mstari hafifu unaoonyesha mkanda wa zamani ulipokuwa ukipita, na mkanda mpya ukae papo hapo. Kwa kuwa mpangilio wa puli hutofautiana baina ya chapa na chapa, picha iliyopigwa kwa simu kabla ya kufungua ina thamani kuliko maelezo ya fundi yeyote, yetu yakiwemo.

Nyaya zinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu chumvi ya bahari imekwisha kuzifikia kabla yako. Hita ya draya ya nyumbani kwa kawaida hutumia wati 2,000 hadi 2,500, yaani katika umeme wetu wa volti 240 ni zaidi ya ampea 8 na huweza kupita 10, zikipita mfululizo kwa saa nzima. Kichwa cha waya kilicholegea, au kilichoota kutu ya kijani, hakiwezi kuubeba mzigo huo bila kupata moto, na ndiyo maana tunakuta plastiki zake zimeyeyuka upande mmoja ilhali upande wa pili ni mzima. Kila kichwa kinachorudishwa kwenye hita, kwenye themostati (kidhibiti cha joto) na kwenye fyuzi ya joto (inayokata umeme joto likizidi) kiingie kwa kubana. Kikiingia kwa wepesi, kikatwe na kubadilishwa, kisibanwe kwa koleo na kusamehewa. Swichi ya mlango nayo husahaulika mara nyingi, kwa kuwa waya wake huchomolewa mwanzoni kabisa ili bati la mbele litoke. Mashine iliyofungwa bila waya huo hukaa kimya kabisa, na mwenyewe hufikiri ameunguza kitu. Hiyo ndiyo hitilafu rahisi kuliko zote tunazoletewa, na aghalabu huondolewa kwa dakika chache.

Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, urudishwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi na kutu hadi chuma kionekane. Baada ya kufunga, na plagi ikiwa nje ya soketi, malitimita (kifaa cha kupimia umeme), ikiwa kwenye kipimo cha omu, iwekwe baina ya pini ndefu ya plagi na sehemu yoyote ya chuma isiyo na rangi kwenye kasha: usomaji uwe karibu na sifuri. Katika nyumba ambayo sakafu yake hulowa na watu hutembea pekupeku, kipimo hiki hakirukwi. Tunaongeza kwamba kapasita ya mota, yaani kile kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme, huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, basi isiguswe ncha zake kwa vidole.

Skrubu zilizobaki juu ya meza baada ya kazi si ziada. Hata hivyo, skrubu iliyorudi mahali pasipo pake ina hatari zaidi kuliko iliyobaki, kwa kuwa ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi huweza kutoboa waya au kukwaruza dramu. Trei ya mayai hutosha kabisa kuzitenga kwa mpangilio wa zilivyotolewa.

Wenye mashine kutoka Marekani tunawaomba wasome aya hii mara mbili. Draya nyingi za umeme za huko zina hita ya volti 240 lakini mota ya volti 120, zikilishwa na nyaya mbili za moto na moja ya nyutro. Hapa kwetu haziwezi kutumika bila transfoma au kubadilishwa ndani. Aliyeifungua mashine ya namna hiyo na kuchanganya nyaya mbili tu huipelekea mota volti 240, nayo huungua papo hapo. Aidha, umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota hiyo, hata ikipewa volti zake halali, huzunguka polepole zaidi kwa takriban sehemu moja ya sita, na feni iliyofungwa kwenye mota hiyo husukuma hewa pungufu. Kwa maoni yetu mashine hizi hazifai kwa Mombasa, na tunapendelea kumwambia mteja hivyo kuliko kumuuzia vipuri kila msimu.

Majaribio yasianze na nguo zilizojaa. Kwanza dramu izungushwe kwa mkono na kusikilizwa. Kisha mashine iwashwe bila joto kwa dakika kama kumi, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni inayolisha na friji. Ndipo iwekwe taulo mbili zilizokamuliwa na kuwashwa kwa joto, mtu akiwa karibu nayo muda wote. Ni muhimu taulo ziwe na maji, kwa kuwa mashine zenye vihisi vya unyevu, zikiwashwa tupu, hudhani nguo zimeshakauka na kujizima baada ya muda mfupi, na wateja kadhaa wametuletea mashine zisizo na kasoro yoyote kwa sababu hiyo pekee. Kwa mashine zinazotoa hewa nje, kiganja kikiwekwa mdomoni mwa bomba la kutolea hewa lazima kisikie hewa ikisukuma kwa nguvu, yenye joto na unyevu. Hewa ikiwa dhaifu, kagua kama bomba limebanwa na ukuta, na kama mdomo wake wa nje umeingiliwa. Mijusi hupenda sana mahali pale penye joto. Usizibe mdomo huo kwa wavu wa mbu, kwa kuwa nyuzinyuzi zitauziba kabisa. Tumia kifuniko chepesi kinachofunguka hewa inapotoka.

Fyuzi ya joto ikikatika tena baada ya kubadilishwa, usiiunganishe kwa waya ili mashine iendelee. Mara nyingi imekatika kwa sababu hewa haipiti, na hapo unarudi kwenye felti, kichujio na bomba. Ukishakagua yote hayo na hali ikabaki vilevile, iache na utuletee. Vivyo hivyo kwa mashine za pampu ya joto, yaani zinazopasha hewa kwa gesi inayozunguka kwenye mabomba kama ya friji: mkanda na sili zake ni kama za nyingine, lakini mabomba ya gesi yasiguswe, kwa kuwa nyingi za siku hizi zina R290, ambayo ni propani na huwaka.

Tunapokea mashine ikiwa imefungwa, imefunguliwa nusu, au imo kwenye katoni, na hatutozi zaidi kwa sababu mwenyewe alianza kazi. Tunachoomba ni kuletewa skrubu zote, kipuri cha zamani na picha za simu kama zipo. Kabla hatujagusa chochote tunakagua, tunataja bei, na mteja anaamua. Kwa wanaovuka kutoka Likoni au kushuka kutoka Mtwapa, tangi la maji limwagwe kwanza, mlango ufungwe kwa kamba, na mashine isafirishwe ikiwa wima, iwe ni kwa pikapu au kwa tuktuk. Ile ya pampu ya joto ikilazimika kulazwa, utuarifu unapoikabidhi, ili tuiache isimame kwa muda uliotajwa kwenye kitabu chake kabla ya kuiwasha.