Sisi wenye maumivu ya kiuno msituambie tu tuache vyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita mwandishi wenu wa safu ya afya alimshauri mtu mwenye maumivu ya kiuno yasiyokwisha asahau kabisa habari ya kunyanyua vyuma. Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu. Miaka minne iliyopita niliambiwa maneno hayo hayo, nikatii, nikapoteza karibu mwaka mzima.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 51. Vyuma nilianza nikiwa na miaka 42, na kiuno changu hakikuumia kwenye ukumbi wa mazoezi. Kiliumia kazini, siku niliyoinama kuvuta jora la kitambaa chini ya meza huku nimejipinda kukwepa mguu wa cherehani. Nilisikia kama kamba imekatika, upande wa kushoto, juu kidogo ya kalio. Nikabaki nimeshikilia ukingo wa meza, siwezi kusimama wala kukaa. Jora lile halikuzidi kilo 15. Wiki ile ile nilikuwa nimenyanyua kilo 80 kutoka sakafuni, nikaenda nyumbani mzima.

Wiki 12 zikapita, muda ambao madaktari huanza kuyaita maumivu sugu. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kikaonyesha kwamba diski, yaani kile kitako laini kilicho kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza, na ripoti ikatumia neno "kuchakaa". Neno hilo lilinitoa machozi. Nikaambiwa nipumzike, nivae mkanda wa kiuno, nisibebe kitu. Nilipumzika kweli kweli. Kiuno kikazidi kukakamaa, usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na hofu ikaniingia hadi nikawa namwita binti yangu aniokotee mkasi ukidondoka.

Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kabla ya kunigusa alinieleza habari ya utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya picha za migongo ya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 84. Watu hao walikuwa wakitembea na kufanya kazi zao bila kujua. Sikuambiwa kwamba maumivu yangu ni ya kufikirika. Niliambiwa kwamba picha peke yake haiwezi kunihukumu, na kwamba mgongo ni kiungo chenye uwezo wa kuzoea mzigo, mradi mzigo uje kwa kipimo.

Neno kipimo nalielewa. Fundi hamshonei mteja kwa vipimo vya jirani yake.

Basi tukaanza na kutembea, dakika 10 mara mbili kwa siku, na mazoezi matatu yaliyoenezwa na Profesa Stuart McGill, mtafiti wa migongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. La kwanza unalala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo tu. La pili unajiinua kwa ubavu ukiegemea kiwiko. La tatu unapiga magoti na viganja, kisha unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba, halafu unabadilisha. Unashikilia sekunde 10, unapumzika, unarudia. Kwa macho ni mazoezi ya watoto. Mara ya kwanza nilitetemeka mwili mzima.

Kisha chuma. Hapa naomba nieleze kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Sahani, yaani vyuma vya duara vinavyovishwa kwenye ncha mbili za chuma kirefu cha kunyanyulia, zile pana zinazotumika mashindanoni zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kikiwa sakafuni kiko sentimita 22.5 kutoka chini, uwe mrefu uwe mfupi, uwe mzima uwe na kiuno kama changu. Kimo hicho hakikutokana na mwili wa mtu yeyote, kimetokana na sahani. Nilichukua tepu yangu ya kupimia nguo, nikasimama kando ya chuma na kuinama taratibu, mtaalamu akiniangalia kwa pembeni. Hadi chini kidogo ya goti mgongo wangu ulibaki umenyooka. Nikishuka zaidi, kiuno kinapinda, na pale pale maumivu yanaamka. Tukapanga mbao sita za unene wa sentimita 3 chini ya sahani kila upande, chuma kikapanda hadi sentimita 40.5. Nikaanza na kilo 30: chuma chenyewe cha kilo 20 na sahani mbili pana za kilo 5. Kila baada ya wiki mbili nikatoa ubao mmoja kila upande. Uzito sikuongeza mpaka mbao zote zikaisha.

Mambo mawili mengine yalinisaidia kuliko dawa yoyote. Nilikuwa na mazoea ya kwenda mazoezini saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka kitandani naingia kwenye chuma. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, na diski iliyojaa maji haipendi kukunjwa. Nikahamishia vyuma jioni. La pili ni pumzi: kabla ya kunyanyua najaza hewa tumboni, nakaza tumbo pande zote kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, ndipo nainuka. Kuchuchumaa na chuma mabegani nako nimekupunguza kina. Naishia kwenye kimo cha benchi, kwa sababu nikipita hapo makalio yanajikunja kwa ndani na kiuno kinayafuata.

Daftari langu la vipimo vya wateja sasa nyuma yake lina vipimo vyangu. Kila siku ya vyuma naandika kilo, idadi, na maumivu kuanzia 0 hadi 10, kisha naandika tena kesho yake asubuhi. Niliambiwa maumivu yasiyozidi 3 si kosa, mradi ndani ya saa 24 yarudi yalipokuwa. Yasiporudi, mzigo unaofuata unapungua. Nikiangalia kurasa hizo naona kitu ambacho nisingekiamini: siku mbaya nyingi hazikufuata siku za kilo nyingi. Zilifuata wiki za sare za shule, ninapokaa kwenye cherehani kwa muda wa saa 10 na kulala kwa muda wa saa 4 tu.

Sijapona, na sitaki msomaji adhani nimepona. Siku nyingi naandika 1 au 2. Mwaka jana kiuno kilinikamata vibaya mara mbili. Zamani ningelala kitandani siku 10. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulikwisha onyesha kwamba siku 2 za kulala zinatosha sawa na siku 7. Mimi nilitembea, nikashusha uzito nusu, nikarudisha mbao tatu chini ya sahani. Mara zote mbili nilikuwa nimerudi kwenye uzito wangu ndani ya wiki tatu. Leo nanyanyua kilo 70 kutoka sakafuni. Zile 80 sijazifikia tena, na sina haraka nazo.

Wapo kwenye kumbi za mazoezi wanaowaambia watu wakaze meno waendelee. Hao nao wanaumiza. Mtu akipata ganzi sehemu anazokalia, akashindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikaishiwa nguvu, aende hospitali saa ile ile, asisubiri kesho. Homa, kukonda bila sababu, kuwahi kuugua saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, hayo pia ni ya daktari kwanza.

Lakini wenye dalili hizo ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na wengi mno kati yao haionekani sababu moja mahsusi. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno kama tiba. Ule wangu uko kabatini.

Kwa hiyo, Mhariri, namwomba mwandishi wenu airudie mada hii. Msomaji aliyemwandikia alisema amenyanyua vyuma miaka sita na kwamba ndicho kitu kinachomtuliza akili. Amwulize ni zoezi gani linalomuuma, katika kimo gani, saa ngapi, na kesho yake anaamkaje. Kama yeye hana nafasi ya kumwuliza, amwelekeze kwa mtaalamu wa viungo atakayemwuliza. Barua ya msomaji yule ilikuwa na mistari minne tu, na mmoja wao ulisema anaogopa kuinama kufunga kamba za viatu. Hofu hiyo naijua, na nilianza kuitoa kwa kilo 30 juu ya mbao sita.

Wako msomaji,
Fundi cherehani