Picha nyeusi, sauti ipo: msilaumu TV, angalieni kibadilishi

Mhariri,

AFCON ya 2027 itachezwa hapa Tanzania, Kenya na Uganda, na watu wengi wameshaanza kutafuta namna ya kuonyesha mechi za mtandaoni kwenye TV ya sebuleni, badala ya kubanana watano mbele ya kioo cha inchi 14. Laptopu na waya mmoja vinatosha. Shida ni kwamba madukani waya huo unauzwa bila mnunuzi kuulizwa lolote, naye anarudi nyumbani na kifaa ambacho hakitafanya kazi hata akikichomeka mara mia. Naomba nafasi niwaokolee wasomaji wenu hasara hiyo.

Kama laptopu na TV zote zina tundu la HDMI, linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, kazi ni nyepesi. Nunua waya wa kawaida wa mita 1.5 hadi 3. Mechi ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) haihitaji waya wa bei mbaya ulioandikwa 8K. Usikimbilie waya mwembamba wa mita 15 ili ukae mbali: umeme unaobeba picha hufifia njiani, na utaona vidoa vinavyometameta au picha inayozimika na kurudi. Zima vyombo vyote viwili kabla ya kuchomeka, na uvilishe umeme kutoka ekstensheni moja. Ukigusa bodi la laptopu inayochaji ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni, huo ni umeme unaovuja kwa kukosa ethi (waya wa kuupeleka ardhini), na ndio unaoweza kuunguza tundu la HDMI.

Ukishawasha, chagua kwa rimoti HDMI uliyochomekea, kisha kwenye laptopu yenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Wengi huchagua "Duplicate", yaani picha ileile kwenye vioo vyote viwili. Mimi nashauri "Second screen only", yaani TV peke yake. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha nukta 1366 kwa 768, na ukichagua "Duplicate" TV mara nyingi hulazimika kufuata kipimo hicho kidogo, ndiyo maana nyasi zinaonekana kama zulia lililopauka. Sauti ikibaki kwenye laptopu, bofya alama ya spika pembeni mwa saa, uchague jina la TV.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii, yaani vibadilishi.

Mwenye TV au monita ya zamani yenye tundu la VGA huuziwa kibadilishi cha HDMI kwenda VGA. Anakijaribu kwa video za bure, kinaonyesha vizuri, anaridhika. Siku ya mechi anafungua huduma aliyoilipia: sauti ya mtangazaji inasikika, picha ni nyeusi tii. Anapiga simu huduma kwa wateja, anabadilisha bando, anamlaumu fundi. Sababu ni ulinzi dhidi ya kunakili uitwao HDCP. Kabla ya kutoa picha iliyolipiwa, laptopu huuliza TV kupitia HDMI kama inautambua ulinzi huo. VGA haina njia ya kujibu swali hilo, basi mara nyingi picha inazuiwa. Hakuna mpangilio wa kugusa utakaokiponya kibadilishi hicho. Na VGA haibebi sauti kabisa. Utahitaji waya wa pili kutoka tundu la hedifoni.

Kwa TV ya chogo yenye matundu mekundu, meupe na ya njano, kuna kiboksi kidogo cha plastiki. Hapa watu hulizwa kwa herufi chache tu. Kiboksi kilichoandikwa HDMI2AV hupeleka picha kutoka laptopu kwenda TV. Kilichoandikwa AV2HDMI hufanya kinyume chake. Kwa umbo wanafanana kama mapacha, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Kiboksi hicho kinahitaji umeme wa volti 5 kupitia waya wake mdogo wa USB, na ubavuni kina swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi ya TV za zamani: iweke PAL, la sivyo huenda picha ikatoka bila rangi. Hata kikifanya kazi, ubora unashuka sana na namba za jezi hazisomeki kwa urahisi. HDCP nayo inaweza kukuzuia hapa pia.

Laptopu mpya nyingi zina tundu la Taipu C pekee. Si kila Taipu C inatoa picha. Nyingine ni za kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Ukiona pembeni mwa tundu alama ya radi, au herufi D iliyoshikana na P, hiyo ni dalili njema. Pasipo alama, soma maelezo ya modeli yako kabla hujatoa pesa.

Picha ikija huku kona yenye matokeo na dakika imekatwa, usiguse laptopu. Ni TV inayoikuza picha. Ingia sehemu ya ukubwa wa picha kwa rimoti: LG huita "Just Scan", Sony "Full Pixel". Na kama kamera ikifuata mpira picha inarukaruka ilhali intaneti iko sawa, kumbuka kwamba mechi za Afrika na Ulaya kwa kawaida hurushwa kwa picha 50 kwa sekunde, wakati laptopu hutoa 60. Fungua Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague 50 kama ipo.

Kuhusu bando: mtiririko wa megabiti 5 kwa sekunde unakula GB 2.25 kwa saa, hivyo mechi pamoja na mapumziko ni kama GB 4.5. Kama intaneti inatoka kwenye simu, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, ni tulivu kuliko hotspot na simu inachaji papo hapo. Washa pia "Metered connection", kwa maana Windows inaweza kuanza kupakua masasisho yake katikati ya kipindi cha pili.

Ombi langu ni kwa wenye maduka na waagizaji. Bandikeni kwenye boksi karatasi ya Kiswahili yenye mistari miwili: kifaa kinapeleka picha kutoka wapi kwenda wapi, na kama kinapitisha picha za huduma za kulipia. Mnunuzi naye aende dukani na picha ya matundu ya TV yake na ya laptopu yake kwenye simu.

Fundi wa elektroniki,
Dar es Salaam