Sikio linauma baada ya kuogelea? Livute kwanza

Kabla hujaja kwetu, na kabla hujatia chochote humo ndani, fanya jambo moja. Shika ukingo wa sikio linalouma, livute taratibu kwa juu na nyuma. Kisha bonyeza kile kinyama kigumu kilichochomoza mbele ya tundu, upande wa shavu. Ukiruka kwa maumivu, basi ugonjwa wako kwa uwezekano mkubwa uko kwenye njia ya nje ya sikio, ile inayoanzia tunduni na kuishia kwenye ngoma ya sikio. Ikiwa sikio linauma lakini kulivuta hakuongezi kitu, hasa kwa mtoto aliyekuwa na mafua siku chache zilizopita, huenda maumivu yanatoka nyuma ya ngoma. Huo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake.

Kliniki yetu ipo Mji Mkongwe, si mbali na Forodhani, na wagonjwa wetu wa masikio tunaletewa na bahari. Maji yakijaa jioni, vijana huchupa kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine, wengine kwa samasoti, na watu wamejaa kuwatazama. Nasi tunasimama kuwatazama kama kila mtu. Siku mbili tatu baadaye baadhi yao wako kwenye benchi letu, kichwa wamekiinamisha upande mmoja, mkono shavuni. Wanazidi kuanzia Desemba, skuli zinapofungwa na joto la kaskazi likiingia. Lakini si wao tu. Wapo wapiga mbizi wa pweza, wapo wafanyakazi wa hoteli wanaoshinda na wageni kwenye bwawa, na wapo ambao hawajatia mguu baharini mwaka mzima. Wao maradhi yao yametokana na kijiti cha pamba.

Nianze na hicho kijiti, maana ndicho kinachotupa kazi kuliko bahari.

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Sehemu ya nje ina vinyweleo na vitezi vinavyotoa nta, ile tunayoiita uchafu. Sehemu ya ndani haina nta wala vinyweleo: ni ngozi nyembamba iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa. Nta ina mafuta, kwa hiyo maji yanateleza juu yake, na ina uchachu kidogo ambao vijidudu vingi haviupendi. Tena haihitaji kutolewa. Ngozi ya humo inakua ikisogea kuelekea nje, na nta inasafiri nayo mpaka inadondoka yenyewe usiku umelala. Anayekwangua kila siku anaivua ngozi nguo yake, na nta nyingine anaisukuma ndani, inashindiliwa kwenye ngoma kama tumbaku kwenye kiko.

Sasa mtu huyo aende akakae baharini saa tatu. Maji yanaingia na mengine hayatoki. Ngozi inaloa, inalainika, inafanya vile vidole vinavyofanya ukishinda unafua. Haina nta, ina michubuko midogo ya kijiti, na humo ndani kuna joto na giza. Bakteria wanaopenda majimaji, hasa yule anayeitwa Pseudomonas, hawahitaji zaidi ya hapo. Ngozi ikivimba, haina pa kuvimbia, kwa sababu chini yake ni mfupa. Ndiyo maana kitu kidogo namna hii kinaumiza mpaka mtu mzima anashindwa kutafuna.

Kuna mzee mmoja aliyetuletea mpwa wake, kijana wa miaka kama 14.

"Daktari, mtie matone tu twende zetu," alisema. "Anasikia maji yanacheza humo ndani, siku ya nne hii."

"Maji yalishatoka zamani, mzee wangu. Huo ni uvimbe ndio anaousikia."

Kijana alikuwa kimya. Nilipomuuliza ametumia nini kuyatoa hayo maji, akatazama viatu vyake. Kifuniko cha kalamu. Kisha kijiti cha pamba. Kisha bibi yake akamtia mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto, kwa mapenzi kabisa. Nilipochungulia kwa kurunzi ya masikio, njia yote ilikuwa imefumba, imebaki nafasi ya kupita njiti ya kiberiti, na pembeni kuna utando mweupe uliolowa kama unga wa muhogo. Ngoma haikuonekana.

Hapo ndipo "mtie matone tu" inapokuwa hatari. Kwanza, dawa haifiki. Ukidondoshea matone kwenye njia iliyofumba, yanarudi yote kwenye mto. Pili, matone si ya namna moja. Yapo yenye gentamaisini, yanauzwa kwa bei nafuu na watu wameyazoea, lakini ngoma ikiwa imetoboka yanaweza kupita hadi sikio la ndani na kuharibu usikivu. Usipoiona ngoma, huna uhakika. Kwa kijana yule tulisafisha kilichoweza kusafishwa, tukaingiza utambi mwembamba wa sponji, kisha tukaudondoshea matone ya siprofloksasini yaliyochanganywa na dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo ni salama hata kama ngoma ina tundu. Utambi ukinyonya dawa unatanuka na kuipeleka mpaka ndani. Tukampa na dawa ya maumivu, kwa sababu usiku wa kwanza ndio mgumu. Siku ya tatu alirudi mwenyewe bila mjomba, utambi tukautoa, na ngoma ikaonekana, nzima. Swali lake la kwanza lilikuwa lini atarudi Forodhani. Tulimwambia siku kumi tangu alipoanza dawa. Alisononeka kuliko alivyosononeka kwa maumivu.

Wengi wanaofika hapa wamekwisha kunywa vidonge. Mara nyingi ni amoksilini, mabaki ya mgonjwa mwingine nyumbani. Kwa ugonjwa huu amoksilini haina kazi kubwa: Pseudomonas haijali. Matone yanayogusa ngozi yenyewe yanafika yakiwa makali mara nyingi kuliko kidonge kinachopitia tumboni na damuni. Vidonge tunavihitaji pale maradhi yanapotoka nje ya njia ya sikio, kwa mfano sikio zima limekuwa jekundu au kuna homa, au mgonjwa ana kisukari au kinga ya mwili imeshuka.

Kutia matone kwenyewe watu wanakosea. Kishike kichupa kwenye viganja dakika mbili tatu kipate joto la mwili; dawa ya baridi ikigusa ndani utaona nyumba inazunguka. Lala ubavu, sikio bovu juu. Mtu mwingine akutilie, maana peke yako hutaona unapodondoshea. Avute sikio juu na nyuma, adondoshe kwa pembeni ili hewa ipate pa kutokea, kisha abonyeze kile kinyama cha mbele mara kadhaa kuisukuma dawa. Kaa hapo dakika tano. Usizibe na pamba kubwa. Na usiache siku ya tatu kwa sababu maumivu yamekwisha. Maliza siku zote ulizoandikiwa, kwa kawaida saba mpaka kumi.

Ukiona siku ya tatu hakuna nafuu yoyote, rudi. Usiongeze matone.

Kuna sababu ya kusema hivyo, na sababu hiyo ni fangasi. Kwenye hewa yetu yenye unyevu tunawaona sana. Mgonjwa wa fangasi halalamiki sana maumivu. Analalamika muwasho usiosemeka, na sikio kuziba kama ametiwa gundi. Ukichungulia unaona kitu mfano wa gazeti lililoloa, na juu yake vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa. Mara nyingi mtu huyu amekuwa akitia matone ya bakteria wiki tatu, nne, kila likiwasha anatia. Dawa imeua bakteria, imewaachia fangasi nyumba nzima. Hapa dawa ya kwanza ni kusafisha, na kusafisha vizuri, kwa mashine ya kunyonya au pamba kavu chini ya mwanga, kisha matone ya klotrimazo kwa wiki mbili hivi. Bila kusafisha ni kazi bure.

Maswali mawili tunaulizwa karibu kila wiki, na yanastahili jibu. La kwanza ni udhu. Kupangusa masikio kwa kidole chenye unyevu hakupeleki maji kwenye njia ya sikio, kwa hiyo kwa upande wa tiba hatuna tatizo nako, ilimradi kidole kisichokonoe na usibonyeze panapouma. Wakati wa kukoga, chukua pamba kidogo, ipake mafuta mazito ya kujipaka, ziba mlango wa tundu, ukimaliza itoe. La pili ni swaumu: je, matone yanafunguza? Hilo mwulize sheikh wako, si sisi. Tunachoweza ni kukuandikia dawa inayotiwa mara mbili kwa siku, ukatia baada ya kufuturu na tena wakati wa daku. Tuambie tu kama umefunga, usiache dawa kimyakimya.

Na kama una kisukari, au umri umesogea, au unatumia dawa zinazoshusha kinga, tafadhali usisubiri hata hizo siku tatu. Kwa watu hawa maradhi yanaweza kushuka mpaka kwenye mfupa wa fuvu. Dalili yake ni maumivu makali ya ndani yanayozidi usiku na usaha usiokatika, na baadaye hata upande wa uso kulegea. Hilo hatulitibu hapa. Tunakuandikia barua palepale uende hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu kujikinga, hatumwambii mtu aache bahari. Ukitoka majini, inamisha kichwa upande mmoja, vuta sikio huku na huku ili njia inyooke, maji yatoke. Kisha upande wa pili. Futa kwa ncha ya taulo pale kidole kinapoishia, usiingie zaidi. Mwenye kikausha nywele akiweke kwenye moto mdogo, akishike mbali kama urefu wa mkono, nusu dakika inatosha. Kina mama na wasichana: mtandio uliolowa ukifungwa masikioni kutoka pwani mpaka nyumbani unaweka unyevu saa nzima. Bebeni mwingine mkavu mkobani. Na vile vispika vidogo vya kuchomeka masikioni, subiri sikio likauke kwanza.

Anayeogelea kila siku anaweza kutumia matone ya kukausha baada ya kuogelea. Mchanganyiko wa zamani ni siki nyeupe na spiriti ya asilimia 70, nusu kwa nusu: spiriti inakausha, siki inarudisha ule uchachu ambao maji yameuchukua. Matone machache, halafu yamwage. Lakini ni kwa sikio zima tu, lisilouma, ambalo ngoma yake haijawahi kutoboka wala kuwekewa mrija. Ukitia kwenye sikio lenye kidonda, jirani watajua. Tafadhali pia isiwe spiriti ya jiko, tumewahi kuulizwa.

Vizibo vya masikio vya mpira laini vinafaa kwa anayeogelea juu ya maji. Anayezama na mtungi wa hewa asivitumie kabisa, kwa sababu chini msukumo wa maji unakisukumia kizibo ndani na ngoma inaumia. Mabwawa nayo yana mambo yake. Bwawa lililotunzwa, lenye klorini ya kutosha, halina shida kubwa. Bwawa ambalo huoni vigae vya chini, usimwingize mtoto. Na baada ya mvua kubwa za masika, iache bahari ya karibu na mji ipumzike siku mbili tatu, maana maji ya mitaro yote yanaishia huko.

Huduma yetu ya masikio ni hii: tunachungulia masikio yote mawili kwa kurunzi, hata lile lisilouma, tunasafisha kwa kunyonya, tunaweka utambi pale njia ilipofumba, na kama ngoma ina tundu tunakuandikia, ili na daktari mwingine ajue. Hatupigi maji kwa bomba la sindano kwenye sikio ambalo hatujaliona ndani, hata ukituomba. Njoo na dawa yoyote uliyokwisha kutia, hata kichupa kitupu, hata ile ya bibi, na usione haya kuitaja. Tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na Ijumaa tunafunga wakati wa sala. Wazazi wenye watoto wa kuchupa ukutani, jioni ndio benchi linajaa. Mkiweza, waleteni asubuhi.